Kupiga gitaa na Mjomba kutoka Braamfontein

Najua nimekuwa kimya muda mrefu na wengine mmeshaanza kunisema. Nisameheni, kazi zimenibana, na baridi ya Johannesburg ikianza mtu ukitoka kazini unawaza blanketi tu. Lakini kuna swali ambalo binti wa dada yangu ameniuliza mara tatu sasa, na nimeona nilijibu hapa ili na wengine msome, maana limenipeleka mbali kuliko nilivyotegemea.

Swali lenyewe ni hili: "Anko, si uvae ile miwani ya kompyuta upige gitaa na Babu siku ya harusi yangu, kama vile upo hapa?"

Kwa msiojua, huyo Babu anayemsema ni Mjomba wetu wa Morogoro, aliyenifundisha gitaa. Yeye solo, mimi ridhimu, tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Mwaka jana alipata kiharusi. Mkono umerudi kiasi, lakini anachoka haraka, na hakuna anayejua ataendelea kushika gitaa mpaka lini. Mimi karatasi zangu za ukaazi ziko ofisini zinasubiri, na nikitoka nchini kabla hazijajibiwa kurudi itakuwa kazi. Kwa hiyo binti hakuuliza mchezo. Aliuliza kama kuna njia.

Miwani nimeijaribu. Kuna kijana ninayefahamiana naye hapa Braamfontein anayo. Mtaa wetu una mambo hayo: kituo cha teknolojia cha Tshimologong, cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kipo hapa tangu 2016, na tamasha la sanaa za kidijitali la Fak'ugesi lilianza 2014. Unavaa kitu kama miwani ya wachomeleaji, unajikuta kwenye ukumbi ambao haupo, na mwenzako amesimama mbele yako kama katuni. Kitaalamu wanaita uhalisia pepe. Nikachukua gitaa, kijana akakaa chumba cha pili na kinanda chake, tukaanza. Tulikuwa jengo moja, ukuta mmoja katikati, na hatukumaliza hata ubeti mmoja. Kwa nini? Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia historia ya jambo lenyewe.

Nianzie karibu. Kutoka ninapoishi unaweza kutembea hadi makaburi ya Braamfontein. Humo amezikwa Enoch Sontonga. Kama jina halikuambii kitu, wimbo wake unaujua: ni yeye aliyetunga, mwaka 1897, "Nkosi Sikelel' iAfrika", ambao sisi tangu uhuru wa 1961 tunauimba kama "Mungu ibariki Afrika". Alikuwa mwalimu wa shule na mwongoza kwaya. Alifariki 1905, kaburi lake likasahaulika kwa miaka mingi, hadi lilipotambuliwa na kufanywa kumbukumbu ya taifa tarehe 24 Septemba 1996, Mandela akiwa rais. Mara ya kwanza kufika pale nilisimama nikajisikia nimefika nyumbani, ingawa nilikuwa peke yangu na mfuko wa mkate mkononi.

Nawaambia hili kwa sababu wimbo ule ulisafiri vizuri bila mashine yoyote. Ulibebwa vichwani na vitabuni. Mtu wa Dar anauimba, mtu wa Soweto anauimba, wimbo ni ule ule. Lakini wa Dar hamsikii wa Soweto. Wanaimba kitu kimoja, hawaimbi pamoja. Wekeni tofauti hiyo akilini, maana mambo yote yanayofuata yanazunguka hapo.

Mwendo wa dakika chache kutoka makaburini kuna ukumbi mkubwa wa Wits, Great Hall. Tarehe 2 Februari 1959 ndipo ilipofunguliwa "King Kong", mchezo wa muziki kuhusu bondia Ezekiel Dlamini. Muziki ulitungwa na Todd Matshikiza. Miriam Makeba aliimba, Hugh Masekela na Jonas Gwangwa walikuwa kwenye bendi. Ilikuwa enzi ya ubaguzi, na chuo kilikuwa moja ya sehemu chache ambapo weupe na weusi wangeweza kukaa ukumbi mmoja kutazama. Mwaka huo huo, 1959, serikali ikapitisha sheria ya kuwafungia Waafrika milango ya vyuo kama hicho hicho.

Halafu wakatawanyika. Makeba aliondoka 1959. Mama yake alipofariki 1960 alizuiwa kurudi kumzika, na hakukanyaga tena nchi yake mpaka 1990. Masekela aliondoka 1960. Mchezo ulikwenda London 1961 na baadhi ya waliokwenda hawakurudi. Matshikiza alifariki ugenini, Lusaka, mwaka 1968. Watu waliokuwa wakipiga pamoja, bega kwa bega, mtaani kwangu hapa, wakawa wanasikiana kwenye sahani za santuri tu.

Na wengine walikuja kwetu. Mnaikumbuka Mazimbu, pale Morogoro? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 mpaka 1992 chama cha ANC kilikuwa na shule yake pale, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Mjomba husimulia kuwa ujanani alikuwa akipita karibu na pale jioni anawasikia wakiimba, anasimama na baiskeli. Aliwahi kuniambia kwamba wale watu walikuwa wakiimba kama wanaoitikiwa na watu wengine mahali. Nilikuwa mdogo, sikuelewa anasema nini.

Basi tuje kwenye mashine.

Mwaka 1987 kundi la Marekani liitwalo The Hub lilifanya onyesho New York, wanamuziki watatu jengo moja na watatu jengo jingine, kompyuta zao zikiunganishwa kwa laini ya simu. Kilichopita kwenye laini hakikuwa sauti, ni maelekezo tu ya kompyuta kwa kompyuta, maana laini za wakati ule zilikuwa nyembamba mno.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja 1998. Ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, kondakta Seiji Ozawa aliongoza wimbo wa furaha wa Beethoven kutoka Simfoni ya Tisa, na kwaya za mabara matano zikaimba kwa satelaiti: Beijing, Sydney, Berlin, New York, na Afrika Kusini hapa, kule Cape. Sauti ya satelaiti huchelewa, tena kila mahali huchelewa kwa kiasi chake. Wajapani wakatumia mtambo wa kuzichelewesha zile zinazowahi, ili zisubiri zile za nyuma, zifike zote kwa mpigo mmoja. Ilipendeza sana. Ila mpango ule ulimsaidia msikilizaji. Kwaya zilimfuata Ozawa, hazikuweza kusikilizana na kubadilishana kama bendi inavyofanya. Ni kama wimbo wa Sontonga, safari hii na televisheni juu yake.

Waliokwenda kwenye mzizi wa tatizo ni akina Chris Chafe wa Chuo Kikuu cha Stanford. Waliwaweka watu wawili wawili katika vyumba tofauti wapige makofi kwa mdundo mmoja, huku sauti ikicheleweshwa kidogo kidogo. Gawa sekunde moja vipande 1,000. Sauti ikichelewa vipande kama 11 au 12 hivi, watu hushika mdundo vizuri. Ikichelewa kidogo kuliko hapo, wanaanza kukimbia bila kujua. Ikipita vipande 25 au 30, kila mmoja anamsubiri mwenzake, na mdundo unazama.

Msishangae udogo wa namba hizo. Hewani sauti hutembea mita kama 340 kwa sekunde, kwa hiyo mpiga besi akisimama mita kumi kutoka kwako unamsikia baada ya vipande karibu 30. Ndiyo maana Mjomba alikuwa akitufokea tukitawanyika jukwaani: "Sogeeni hapa, tusikilizane!" Hakuwa amesoma Stanford, lakini namba alikuwa nazo.

Kutokana na utafiti wa namna hiyo zikaja programu. Chafe na wenzake walitengeneza JackTrip. Mjerumani Volker Fischer alianzisha 2006 programu inayojulikana leo kama Jamulus. Italia, wanamuziki wa chuo cha Trieste walishirikiana na mtandao wa vyuo wa nchi hiyo kutengeneza LOLA. Kwa miaka mingi zilikuwa mambo ya watu wachache, mpaka 2020 korona ilipofungia watu ndani na wanamuziki wa dunia nzima wakazikimbilia. Zinafanya kazi kweli, mradi umbali usiwe mkubwa na intaneti iwe ya waya.

Na miwani je? Si mpya kama tunavyodhani. Mwaka 1992 huko Chicago, Jaron Lanier alipiga onyesho zima akiwa amevaa kifaa hicho, akicheza vyombo vya muziki ambavyo havipo duniani, watu wakimtazama kwenye skrini. Lakini alikuwa peke yake humo ndani. Kumwingiza wa pili ndiyo shughuli. Miwani inakupa sura ya mwenzako, anavyokugeukia, anavyotikisa kichwa kukuambia tunabadilisha, na hilo kwa mwanamuziki si dogo. Ila kumbi nyingi za humo zimetengenezewa maongezi, na kwenye maongezi sauti ikichelewa kidogo hakuna anayelalamika. Mimi na kijana wangu hatukushindwa na ukuta. Sauti yetu ilikwenda kwenye kompyuta kubwa sijui ya nchi gani, ikageuza, ikarudi chumba cha pili.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Kutoka hapa mpaka Morogoro, mstari ulionyooka, ni kama kilomita 2,400. Mwanga ndani ya mkongo hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo ni vipande 12. Mnaona? Ndani ya namba za Stanford kabisa! Lakini mkongo haunyooki. Unashuka hadi pwani ya KwaZulu-Natal, unaingia baharini, unaibukia Dar, unapanda Morogoro. Tena kabla ya SEACOM kuwashwa 2009 na EASSy 2010, pwani yetu ilikuwa ikitegemea satelaiti. Hata baada ya hapo, mara nyingi ujumbe wa Mwafrika kwa jirani yake umekuwa ukizungukia Ulaya kwanza. Nikicheka nawakumbuka akina Matshikiza, nao walipitia London. Lakini wao walifukuzwa. Mimi nasubiri karatasi tu, nisijilinganishe.

Jumapili iliyopita tulijaribu, bila miwani, laptop kwa laptop. Mjomba akaanza, nikamfuata. Yeye akanisikia nimechelewa, akapunguza. Mimi nikasikia amepunguza, nikapunguza. Wimbo ukapanda kama lori bovu Kitonga, mpaka ukasimama. Nikamwambia azime sauti yangu, apige tu, nitamfuata. Ile njia ya Nagano. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa utakuwa unapiga na mimi, au unapiga na redio?"

Sikuwa na jibu. Nilipokata simu nilikaa kitandani muda mrefu.

Kisha nikakumbuka programu nyingine, NINJAM, ya mwaka 2005. Yenyewe haipigani na ucheleweshaji, inauongeza makusudi mpaka utimie mzunguko mzima wa muziki. Wewe unapiga mzunguko huu ukisikiliza mwenzako alivyopiga mzunguko uliopita. Kwa Beethoven ni balaa. Lakini chemko ya dansi ni nini kama siyo mzunguko? Ridhimu yangu haibadiliki kwa dakika tano, na yeye juu yake anachombeza anavyotaka. Akinitupia kitu, nitamjibu mzunguko unaofuata. Nimemweleza Mjomba kwa simu. Akauliza, "Kwa hiyo nitakuwa napiga na wewe wa nyuma kidogo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haidhuru, alimradi unanisikia."

Kwa hiyo binti, jibu la swali lako: miwani hapana, gitaa ndiyo. Beti ataimba na kupiga yeye, mimi naingia kwenye chemko. Kabla ya harusi tunafanya mazoezi, na naomba mnisaidie hivi. Jumapili saa kumi jioni kwenu, saa tisa huku, muwekeeni laptop sebuleni, siyo uani. Intaneti iwe ya waya, kaka ataleta. Hedifoni pia za waya, hizi za Bluetooth zinaongeza kuchelewa. Redio ya jirani mkaombe ipunguzwe. Na Mjomba apewe kile kiti kisicho na mikono, mkono wake wa kushoto usigonge.

Mkiona ameanza kuchoka, niambieni. Msimwachie yeye aseme, hatasema.

Wasalaam, na salamu kwa wote.