Nani Alichagua Rangi ya Chumba Chako?

Kwangua ukuta wa chumba cha kulala kwenye ploti ya zamani kule Baba Dogo, halafu uhesabu. Juu kuna krimu, ile rangi ya kupangisha isiyompendeza wala kumuudhi mtu. Chini yake ni kijani cha mafuta, kimepakwa hadi usawa wa kifua ili ukuta upanguswe kwa maji. Chini kabisa, kwenye plasta, ni chokaa. Fundi ataona kazi ya siku mbili. Mimi naona swali la karibu karne nzima: nani alichagua rangi ya mahali tunapolala?

Tuanzie Eastlands ya ukoloni, kabla Baba Dogo haijahesabiwa kuwa Nairobi. Serikali ilimchukulia mfanyakazi Mwafrika kama mpita njia: mwanamume pekee, mke na watoto wabaki rizavu. Nyumba nyingi alizojengewa zilipimwa kwa vitanda, si kwa familia. Wanaume kadhaa walilala chumba kimoja, kila mtu na kitanda chake na sanduku chini yake. Mshahara nao ulipimwa hivyo hivyo. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilisema wazi kwamba malipo ya Waafrika yalipangwa kwa mahitaji ya mtu mmoja, ikapendekeza yapandishwe mpaka yatoshe familia.

Chumba cha namna hiyo kilipigwa chokaa. Chokaa ni bei nafuu, na ukali wake huua vijidudu. Mwenye kitanda hakuulizwa anapenda rangi gani. Angeulizwaje, na kimsingi hakukaa pale?

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mipaka ya jiji ikasukumwa mbali, Nairobi ikawa karibu kilomita za mraba 690. Upande wa Ruaraka ukawa mjini, viwanda vikaota, na wafanyakazi wakatafuta pa kulala karibu. Ng'ambo ya mto, Dandora, mradi wa Benki ya Dunia na baraza la jiji ulitoa viwanja kama 6,000 kuanzia miaka ya 1970: unapewa choo na bafu, vyumba unajijengea. Kwingineko ni watu binafsi waliojenga, mawe na mabati, vyumba vimetazamana na ua katikati. Sasa familia ilikuwa ndani, lakini chumba kilikuwa kile kile kimoja. Pazia likagawa: huku wazazi, huku watoto, pale jiko.

Na rangi? Bado si yako, bana. Desturi ya Nairobi unaijua: ukihama, upake upya au deposit iende. Alama za penseli za urefu wa watoto, moshi wa koroboi, pale mama alipobandika kalenda, vyote vinamezwa na krimu. Kila tabaka ni familia iliyoondoka na ikalipia kufutwa kwake.

Lakini kuna kitu ambacho krimu haifuti. Rangi za mafuta za zamani, hasa zile za kung'aa, nyingi zilitiwa madini ya risasi. Ulimwengu ulijua mapema: mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo, ili kuwalinda mafundi. Kenya ilikuja kuweka kikomo cha sehemu 90 kwa milioni baadaye sana. Kikomo hicho hakirudi nyuma kukwangua kuta zilizopakwa tayari. Vumbi la ukuta likiingia mdomoni mwa mtoto anayetambaa, risasi hudhuru ubongo, na madhara hayo hayarudi.

Kwa hivyo usipige msasa mkavu. Lowesha ukuta kwanza, toa watoto na matandiko, funika sakafu, kisha pangusa kwa kitambaa kibichi. Rangi ya zamani ikiwa imeshika vizuri, iache palepale, uifunike na mpya.

Halafu chagua. Bluu, zambarau, ile pinki binti yako anayoililia, shauri yenu. Inaonekana ni jambo dogo, kopo moja la rangi. Lakini kwenye ukuta ule, huenda likawa tabaka la kwanza kuchaguliwa na mtu anayelala mle ndani.