Mlango Unaomchelewesha Mgeni: Hodi, Utani na Kifungua Mlango katika Mwambao wa Tanga

Mapema mwezi wa Aprili 1498, São Rafael, mojawapo ya meli za Vasco da Gama, ilikwama kwenye mafungu karibu na Mtangata, kusini ya mji wa Tanga wa leo, milima ya Usambara ikionekana kwa mbali. Shajara ya safari ile inasimulia kwamba mitumbwi miwili ilitoka pwani ikaiendea meli, mmoja umesheheni machungwa bora kuliko ya Ureno. Wenyeji wawili wakabaki chomboni, na kesho yake wakafuatana na wageni hadi Mombasa. Wareno waliporudi kutoka Bara Hindi, Januari 1499, mabaharia wao walikuwa wamepungua mno kwa maradhi, wakaichoma moto São Rafael karibu na mahali palepale. Watu wa Mtangata waliwajia tena, safari hii na kuku, wakabadilishana nao kwa mashati na bangili.

Machungwa yale ni miongoni mwa kumbukumbu za kale za maandishi tulizonazo kuhusu namna watu wa mwambao huu walivyomwendea mgeni. Bahari ndiyo iliyokuwa baraza lao la mbele, na kabla mgeni hajatia mguu nchi kavu alikuwa amekwisha kupata tunda mkononi na mwenyeji ubavuni. Wengi hupima ukarimu kwa wepesi wa mlango kufunguka. Kutoka Jasini hadi Sadani, desturi imekuwa nyingine. Mgeni hucheleweshwa kidogo mlangoni. Huitikiwa, huulizwa, hutaniwa, pengine hutozwa, na ndani ya kuchelewa huko ndimo mtu wa njiani anamogeuka kuwa mtu wa nyumba.

Kata ya maji na kipande cha jamvi

Desturi hii ni ya mwambao mzima. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani hizi mwaka 1331, alieleza kwamba vyombo vilipoingia Mogadishu vijana walivipanda wakiwa na sahani za chakula zilizofunikwa. Kila kijana alimwekea mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakushuka kwenda kokote ila nyumbani kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji alimsimamia katika kuuza na kununua. Walioujua mji tayari walikuwa huru kufikia watakapo.

Mombasa, msafiri huyo aliona jambo dogo zaidi akaliandika kwa makini. Milangoni mwa misikiti palikuwa na visima na vyombo vya kutekea maji vyenye mpini, kama kata zetu za vifuu. Watu walitembea pekupeku. Aliyetaka kuingia alinawa miguu kwanza, kisha akaisugua kwenye kipande cha jamvi nene kilichotandikwa mlangoni. Kipande kile cha jamvi kina karibu miaka 700 katika maandishi, na hadi leo ukifika katika nyumba nyingi za Pangani au Mkinga utavua viatu kizingitini bila kuambiwa. Vumbi la barabara hubaki nje. Mgeni aliyenawa miguu huingia akiwa amepumua, amejitazama, na wa ndani wamemtazama.

Hodi na baraza

Uislamu uliokita mwambao huu ulileta amri iliyokubaliana na tabia hiyo. Sura ya Nur inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na mafundisho ya Mtume yanaweka kikomo: ruhusa huombwa mara tatu, isipopatikana mtu anarudi. Ndipo hodi ya pwani inapopata mwendo wake. Ya kwanza husemwa kwa sauti ya kawaida, kisha kimya. Ya pili hupandishwa. Ya tatu hufuatiwa na hatua za kuondoka. Baina ya hodi na hodi, mama hujitanda kanga, mtoto hukimbizwa uani, mkeka hutandikwa. Kimya hicho ni stara anayopewa mwenyeji na mgeni wake.

Nyumba yenyewe ilijengwa ili kuchelewa huko kuwe na mahali pa kukaa. Nyumba ya Waswahili wa Tanga ina baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, na uani nyuma. Hivyo ndivyo nyumba nyingi za Ngamiani zilivyopangwa, mtaa wa barabara zinazoitwa kwa namba, uliokua pamoja na bandari na reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893. Kuta za fito na udongo zimepokewa na saruji, makuti yamepokewa na bati, lakini baraza limebaki. Mwanamume anayepita huketi barazani kwa bao, kwa karata au kwa kikombe cha kahawa chungu, na huenda akakaa saa nzima na mwenye nyumba bila kuvuka kizingiti. Wanawake jirani hupitia mlango wa uani, nao una hodi yake, fupi na ya kuzoeana, ambayo aghalabu hujibiwa na mtu aliyeinamia chungu.

Barazani na uani ndiko maneno ya uchangamfu yanakoanzia. Mgeni asiyetarajiwa huulizwa, "Mguu huu wa heri?" naye hujibu haraka kwamba ni wa heri, ili moyo wa mwenyeji utulie. Aliyepotea siku nyingi huambiwa kwamba leo mvua itanyesha. Anayefika wakati sinia limekwisha kutengwa huambiwa, "Mama mkwe wako anakupenda," kisha husogezewa nafasi na maji ya kunawa. Mwenyeji akitaka kuinuka kumpokea, mgeni humzuia kwa kusema, "Starehe." Na juu ya yote, mji mzima hujitambulisha kwa maneno ya "waja leo, waondoka leo", dhihaka ya upendo kwa yeyote aliyekuja Tanga akidhani ataondoka jioni.

Maneno haya yana kazi. "Mama mkwe wako anakupenda" humwondolea mgeni haya ya kukuta watu wanakula, kwa kuwa sasa kufika kwake kumekuwa bahati, tena bahati iliyoletwa na mtu mwingine. "Leo mvua itanyesha" humlaumu ndugu aliyepotea bila kumjeruhi. Lawama hutoka, uhusiano hubaki. Watu wasio na maneno ya namna hii hulazimika kunyamaza au kugombana.

Walioingia bila hodi

Uzito wa desturi unaonekana pale inapovunjwa. Mwezi wa Aprili 1888, Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki mamlaka ya kusimamia pwani ya bara. Mwezi wa Agosti mwakilishi wa kampuni hiyo, Emil von Zelewski, alijitwalia madaraka Pangani, akang'ang'ania bendera ya kampuni ipandishwe na liwali wa Sultani amtii. Siku zenyewe zilikuwa za Idd el Haji. Katika kumsaka liwali, Wajerumani wakaingia msikitini na viatu vyao na mbwa.

Vita vilivyofuata, chini ya Abushiri bin Salim kwa upande wa Pangani na Bwana Heri kwa upande wa Sadani, vilikuwa na sababu nyingi: kodi, biashara, ardhi, madaraka ya majumbe. Lakini watu wa Pangani waliokuwa na hasira juu ya mambo hayo yote walikumbuka zaidi lile la msikitini, kwa kuwa lilieleza yote kwa tendo moja. Mgeni alivuka kizingiti bila kunawa, bila kuvua, bila kuita. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mji ule ulikuwa na milango ya kuchongwa iliyojulikana kwa uzuri wake, na fundi aliyechonga miimo ile hakuifanya ngome. Aliifanya ili asimame mbele yake mtu mwenye subira.

Mtani hana hodi ya kawaida

Yupo hata hivyo mtu mmoja aliyeruhusiwa kuivunja hodi, na kuvunja kwake ni heshima. Huyo ni mtani. Utani unawaunganisha makabila, koo, mabinamu, na babu au bibi na wajukuu wao. Mtani hufika mlangoni akitangaza kwamba amekuja kukagua mali yake, huwaita wenye nyumba watumwa wake, hutaka kuku, huchukua kofia. Mwenyeji hujibu kwa matusi yaleyale yaliyopikwa vizuri. Sharti ni moja: hakuna kukasirika.

Kati ya watu wa kwanza kuchapisha uchunguzi wa kina juu ya utani nchini alikuwa mkazi wa mkoa huu. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege, alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na kurithiwa na Waingereza. Katika miaka ya utumishi wake aliwasikiliza watu waliomzunguka kwa makini yaleyale aliyowapa ndege, akachapisha makala juu ya utani mwaka 1941 katika Tanganyika Notes and Records, na nyingine mwaka 1944 katika jarida la Africa. Zinaonyesha kwamba kejeli ya mtani ilikwenda pamoja na wajibu: anayeruhusiwa kukutukana ndiye anayekuja kukuzikia.

Wazee wengi huueleza utani wa watu wa pwani na Wanyamwezi kwa kumbukumbu za misafara ya karne ya 19, wapagazi walipoteremka kutoka bara na kuhitaji mahali pa kulala. Karne iliyofuata, haja ileile ilirudi kwa njia ya mkonge. Richard Hindorf alikuwa ameuleta mmea huo mwaka 1893, miche 62 iliyosalimika ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na baada ya miongo michache mashamba yalitanda Tanga, Muheza na Korogwe. Manamba, vibarua wa mkataba, walikuja kutoka Unyamwezi, Ubena, Umakonde na kwingineko. Kuanzia mwaka 1944 waliandikishwa na SILABU, ofisi ya vibarua wa mkonge. Mtu aliyeshuka kwenye gari la moshi bila ndugu aliweza kutafuta watani. Kelele zake mlangoni zilikuwa kitambulisho, na mwenyeji aliyejibu kelele kwa kelele alikuwa amekwisha kukubali kumlaza. Sioni taasisi nyingine iliyoweza kumfanyia hivyo mgeni fukara kwa jioni moja.

Kifungua mlango

Siku ya harusi, michezo yote ya mlangoni hukusanyika mahali pamoja. Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, aliorodhesha kifungua mlango kuwa zawadi anayotoa bwana harusi ili kungwi wa bibi harusi amruhusu kuingia chumbani; pamoja nacho akataja kiosha miguu na kipa mkono. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye desturi alizoziandika zilichapishwa Ujerumani mwaka 1903, alizieleza ada za harusi za Mrima, yaani pwani ya bara, kwa mkono wa mwenyeji anayezijua.

Mpaka leo, Tanga na viungani mwake, bwana harusi akifika na watu wake hukuta mlango umefungwa au umezuiwa kwa kanga iliyoshikwa huku na huku. Nyuma yake wapo kungwi, mashangazi na wadogo zake bibi harusi. Hodi ya kwanza haisikiki. Ya pili hujibiwa kwamba wenyewe wamelala. Noti hupenyezwa, hurudishwa kwa kuwa ni ndogo, huongezwa nyingine, vigelegele hupanda. Bibi mzaa mama hutokea akidai kwamba bwana harusi alikuwa mchumba wake yeye, na kwamba hatoki pale mpaka afidiwe. Mlango ukifunguka, marashi hunyunyizwa kwa mrashi na chetezo cha udi hupitishwa.

Fedha yenyewe haimtajirishi mtu. Inachonunua ni dakika ambazo jamaa mbili zisizojuana zinacheka pamoja, na ushahidi kwamba binti huyu ana watu. Mume aliyehangaishwa mlangoni na wanawake kumi anajua ni kina nani watakaomwuliza siku atakapomwonea mke wake. Mchezo huu humwekea binti ulinzi bila mtu yeyote kutamka neno la kutisha.

Nini cha kutunza

Nyumba mpya za Tanga zina kuta ndefu na geti la chuma. Mgeni hupiga simu: "Nipo hapa nje." Harusi nyingi zimehamia kumbi za kukodi, na mshereheshaji huita familia kwa kipaza sauti. Sidai kwamba geti ni dhambi. Wezi wapo, na simu ina hodi ya namna yake. Ninachohofia ni kupotea kwa kile kipindi cha kati, baina ya kuita na kuingia, ambamo watu walijifunza kuulizana bila kudhalilishana.

Tumejitahidi kuorodhesha milango ya kuchongwa, na ni vema. Boma la Kale la Tanga limegeuzwa makumbusho ya Urithi, na magofu ya Tongoni, kwenye pwani ileile ya Mtangata, yanalindwa kisheria. Lakini mbao bila maneno ni nusu ya urithi. Wapo akina bibi wa Ngamiani, Pangani na Moa wanaojua jibu la kila hodi, matani ya kila kabila, na bei ya mlango kwa bwana harusi mkaidi. Maneno yao yarekodiwe kwa sauti zao, yafundishwe shuleni pamoja na methali, na makungwi walipwe wanapoalikwa kuyaeleza. Familia inayohamishia harusi ukumbini inaweza bado kutenga nusu saa ya mlango nyumbani kwa binti. Na mwenye geti anaweza kujenga baraza nje ya ukuta wake, ili mpita njia apate pa kuketi na mtoto wa nyumba hiyo ajifunze kusema, "Mguu huu wa heri?"