Wazazi wa Kariakoo na shule zao: tangu New Street hadi uji wa saa nne

Enzi za Mwingereza, Mtaa wa Lumumba uliitwa New Street. Hapo ndipo ilipokuwa ofisi ya African Association, ndipo TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, na ndipo chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilipofungua milango Oktoba 1961, na wanafunzi wachache wa sheria wakasomea ndani ya jengo la chama. Wanahistoria wa siasa wameuandika mtaa huu mpaka basi. Ambacho husemwa kidogo ni kwamba hapo hapo, miaka ishirini hivi kabla ya TANU, wazazi wa Kiafrika walichangishana wakajenga shule ya watoto wao, na Serikali haikuwa imewaomba.

Shule hiyo ilikuwa ya Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, jumuiya iliyoanzishwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mmoja wa waasisi wake ni Kleist Sykes, mfanyakazi wa reli, ambaye mwaka 1929 alikuwa pia miongoni mwa walioanzisha African Association. Leo uliokuwa Mtaa wa Kipata unaitwa kwa jina lake, ingawa wengi wanaopita pale na mizigo kichwani wanaujua kwa maduka yake tu.

Kilichowasukuma kilikuwa wazi. Sheria ya elimu ya Waafrika ya mwaka 1927 iliweka utaratibu wa ruzuku kwa shule zilizotambuliwa, na nyingi ya hizo zilikuwa za wamisionari. Wakazi wa Kariakoo wakati huo walikuwa Waislamu kwa wingi. Mzazi alikuwa na chuo cha Kurani karibu na nyumba yake, ambako mtoto angehitimu vizuri asijue hesabu za karani. Alikuwa na shule ya misheni, ambako aliogopa mtoto angerudi na jina jipya. Na zilikuwapo shule za Serikali kama Kitchwele, kwenye mtaa ambao leo ni Uhuru, lakini nafasi zilikuwa za kuhesabu. Wakaamua kuwa na shule yao, Kurani na masomo ya dunia chini ya paa moja.

Hawakuwa peke yao Afrika Mashariki. Kenya, katika miaka ileile, Wakikuyu waliokosana na misheni walikuwa wakijenga shule zao huru, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha ualimu Githunguri. Tofauti ni mwisho wake: shule zile zilifungwa na Serikali ya kikoloni hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952. Huku kwetu mambo yalikwenda taratibu zaidi, na shule ikawa chipukizi wa siasa bila kishindo.

Mwaka 1955, TANU ikiwa haijatimiza hata miaka miwili, ikaundwa TAPA, umoja wa wazazi wa Kiafrika wa Tanganyika. Kazi yake kubwa ilikuwa kufungua shule kwa watoto walioachwa nje na zile za Serikali na misheni. Nyingi zilikuwa za makuti, zikifundishwa na vijana wenye elimu ya darasa la nne au zaidi kidogo, kwa mshahara uliotegemea wazazi walikuwa na nini mwezi huo. Tusizipambe. Mvua ikinyesha masomo yalisimama, na mwalimu akipata kazi ya maana aliondoka. Lakini zilikuwa na jambo moja ambalo shule nyingi zilizozifuata hazikuwa nalo: aliyetoa senti alikuwepo senti zikihesabiwa.

Uhuru ulipokuja, jukumu likahamia Serikalini, na haki ilikuwa upande wake. Mfumo wa shule za rangi ulifutwa, sheria ya mwaka 1969 ikaipa Serikali uwezo wa kuzitwaa shule za madhehebu, na ada ya shule ya msingi ikaondolewa mwaka 1973. Azimio la Musoma la 1974 likasukuma elimu kwa wote, na kufikia 1977 UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ilikuwa imefika kila kona. Vijijini wazazi waliitwa kwenye msaragambo: kufyatua matofali, kusomba mawe, kuezeka. Kariakoo hakukuwa na pa kufyatulia tofali. Mtoto wa mjini akasoma kwa zamu, mkondo wa asubuhi na mkondo wa mchana, na msaragambo wa mzazi wake ukageuka hela. Nadhani hapa ndipo tabia ya shule za mjini ilipojengeka. Mwanakijiji aliyebeba jiwe aliliona ukutani kila akipita, ilhali wa mjini alibaki na risiti, akiwa na bahati ya kupewa.

Sheria ya Elimu namba 25 ya mwaka 1978 iliipa kila shule ya msingi kamati yake, yenye wawakilishi wa wazazi. Katibu wake ni mwalimu mkuu. Kwa maneno mengine, mwenyekiti ana kiti na katibu ana faili. TAPA nayo ilikuwa imegeuka Jumuiya ya Wazazi ya CCM, na baadaye ikajikita katika kumiliki shule za sekondari, kazi kubwa, lakini mbali na mama wa Gerezani anayetaka kujua kwa nini darasa la mwanawe halina mwalimu wa Kiingereza.

Miaka ya themanini ada ikarudi. Aliyesoma wakati ule anakumbuka "hela ya UPE", na anakumbuka orodha aliyopewa mzazi siku ya kumwandikisha mtoto: fagio la chelewa, ndoo, jembe, rimu la karatasi, fedha ya dawati. Fagio la chelewa lilinunuliwa Kariakoo hiyohiyo, na nina hakika biashara hiyo ilichangamka kila Januari kuliko mwezi mwingine wowote.

Kisha ukaja MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Mwaka 2001 ada ya shilingi 2,000 ilifutwa, na mpango huo wa 2002 hadi 2006 ukafanya jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanyika: fedha za ruzuku, kwa kiwango kilichowekwa sawa na dola 10 kwa mwanafunzi, zilipangwa zifike shuleni, kwenye akaunti ambayo kamati ilikuwa na sauti nayo. Kwa mara ya kwanza tangu TAPA, mzazi wa kawaida alialikwa kutazama kitabu cha fedha. Kiwango chote hakikufika kila mara, na kamati nyingi hazikujua haki zake. Hata hivyo mbao za matangazo zilianza kubandikwa mapato na matumizi, na mchuuzi wa Mtaa wa Kongo aliweza kusoma pale shule imepokea kiasi gani.

Wimbi la karibuni lilianza Januari 2016, pale elimumsingi bila malipo ilipoanza kutekelezwa. Waraka wa mwaka huo uliobainisha majukumu ulimwachia mzazi sare, madaftari na chakula. Wazazi wakaelewa kila mmoja kivyake, wengine wakaona kazi yao imekwisha. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango ya lazima mashuleni, na mwenye kutaka kuchangia kwa hiari akaelekezwa kupeleka kwa mkurugenzi wa halmashauri. Walionyanyasika walishukuru, na walikuwa na sababu: watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa shilingi mia tano ya mlinzi. Ila tangu siku hiyo mwalimu mkuu akawa anaogopa hata kuitisha kikao. Miaka mitatu baadaye mkopo wa UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, ukajenga madarasa 15,000 nchini bila mzazi kutakiwa kutoa tofali.

Vikao vimerudi sasa, na vina sura yake. Barua inakuja ndani ya begi la mtoto, ina kipande cha chini cha kusaini. Anayeuza vitenge anamwambia jirani "nishikie meza" na kuvuka barabara. Kikao cha saa tatu kinaanza saa nne na nusu. Akina mama wamejaa mbele, akina baba wamesimama karibu na mlango kama watu wenye basi la kuwahi. Ajenda ni taaluma, utoro, uji na mengineyo. Swali lenye uzito, lile la fedha iliyobaki muhula uliopita, huangukia kwenye mengineyo, muda ukiwa umekwisha.

Uji ndiyo sehemu inayokwenda vizuri zaidi. Mwongozo wa kitaifa wa chakula shuleni uliozinduliwa 2021 unawataka wazazi washiriki, na mjini ushiriki huo una mikono: wanaonunua unga kwa bei ya jumla sokoni, wanaopokezana zamu ya kumkagua mpishi, na kundi la WhatsApp ambamo mweka hazina hutuma picha ya risiti kabla hajaulizwa. Katika baadhi ya shule mtu wa kukusanya fedha ni mzazi, siyo mwalimu, na walimu wenyewe ndio waliotaka iwe hivyo baada ya 2018, ili asije mtu kusema mchango ulilazimishwa. Kamati hizi za uji hazina jina katika sheria ya 1978, na mpaka sasa hakuna aliyezipa.