Lugha si Kitambulisho cha Kabila: Kutafiti Uwililugha Masisi na Walikale

Hojaji nyingi za utafiti wa uwililugha huanza na swali la lugha mama, kisha huuliza lugha ya pili. Makala hii inashikilia kwamba huko Masisi na Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, utaratibu huo unapotosha matokeo na, zito zaidi, unaweza kumdhuru anayehojiwa. Mtafiti anapaswa kuuliza kila lugha inafanya kazi gani katika maisha ya mtu, wala asiitumie lugha kumpangia mtu kabila.

Masisi husikika Kihunde na Kinyarwanda, na Kitembo pia; Walikale kuna Kinyanga, Kikano, Kikomo na Kirega. Juu ya hizo kimeenea Kiswahili, ambacho Katiba ya 2006 inakitaja kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba. Ndicho lugha ya soko, ya zahanati, na ya machimbo ya Rubaya na Bisie yanayovuta vijana kutoka kila upande. Kilingala ni lugha ya jeshi, na Kifaransa ndicho lugha rasmi.

Nadharia inayofaa hali hii ipo. Uriel Weinreich, mwaka 1953, aliuelezea uwililugha kuwa ni mazoea ya kutumia lugha mbili kwa zamu. Alitazama matumizi, hakudai umahiri kamili. Mwaka 1965 Joshua Fishman alitaka tujue nani anatumia lugha gani, na nani, na wakati gani. François Grosjean naye alionya mwaka 1989 kwamba mwenye lugha mbili si watu wawili wa lugha mojamoja waliounganishwa. Chukua mfano wa mama anayezungumza Kihunde na mkwewe, Kiswahili na wateja wake, Kilingala na askari wa kizuizi cha barabarani, na anayesoma ripoti ya shule ya mwanawe kwa Kifaransa. Kila lugha anaijua kwa kiasi kinachohitajiwa na kazi yake. Kumpima kwa Kifaransa pekee na kumwandika kuwa ana upungufu ni kosa la kipimo, si kosa lake.

Hoja ya pili inatokana na historia. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliwahamishia Masisi makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, wengi wao wakafanya kazi katika mashamba ya walowezi. Sheria ya uraia ya 1972 iliwapa haki wengi wa wahamiaji hao. Sheria ya 1981 ikawapokonya. Machi 1993 mauaji yalianzia katika soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa hadi Masisi, na maelfu ya watu wakapoteza maisha. Tangu hapo, kumuuliza mtu kama anasema Kinyarwanda kumekaribiana mno na kumuuliza kama ana haki ya kuishi alipo. Ilhali wapo wasemaji wa Kihunde wanaokijua Kinyarwanda kwa ujirani, na wasemaji wa Kinyarwanda wanaokijua Kihunde vilevile.

Hojaji yenye jina, kijiji na lugha mama ni orodha inayoweza kuangukia mikononi mwa yeyote mwenye silaha. Mwaka 2025 mji wa Walikale ulitekwa na waasi wa M23 mwezi Machi, kisha wapiganaji hao wakauacha mwezi Aprili. Katika hali hiyo hakuna mtafiti anayeweza kuahidi kwa dhati kwamba karatasi zake zitabaki kuwa siri.

Yuko atakayepinga: bila takwimu za lugha mama, shule zitapangwaje? Sheria ya elimu ya 2014 inaagiza lugha za taifa au lugha za mazingira zitumike kufundishia. Pingamizi hilo lina uzito, lakini kulijibu hakuhitaji kabila. Mwalimu anahitaji kujua mtoto anaelewa nini siku anapoingia darasani, na hilo huhesabiwa kwa darasa zima bila kuandika majina. Tena, mtoto wa Walikale aliyehamishwa na vita hadi Goma amebadilishiwa mazingira. Lugha ya wazazi wake haitoshi kueleza anachosikia kila siku. Kuhifadhi Kinyanga nako ni kazi ya aina nyingine, ambamo jina la msemaji linafaa kutajwa. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha utendi wa Kinyanga wa Mwindo mwaka 1969 kutoka kwa msimulizi Candi Rureke, na jina lake likabaki kwa heshima ya ustadi wake.

Liko na suala la Kiswahili chenyewe. Didier Goyvaerts alichunguza Indoubil, lugha mchanganyiko yenye msingi wa Kiswahili, huko Bukavu mwaka 1988, na Nico Nassenstein akachunguza lugha ya vijana wa Goma mwaka 2016. Zote mbili ni tafiti za mijini. Atakayekwenda vijijini na mtihani wa Kiswahili sanifu, akahesabu kila tofauti kuwa kosa, atarudi na orodha ya makosa badala ya maelezo ya lugha.

Kwa hiyo kamati za maadili za vyuo vikuu vya Goma, Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko zisiidhinishe hojaji yenye safu ya kabila kwa maeneo haya. Nasi watafiti tuifute safu hiyo wenyewe kabla hatujaombwa, kwa kuwa usalama wa msemaji unatangulia takwimu zetu.