Meza ya Chuo: Historia Fupi ya Restora za Wanafunzi, Kutoka Lovanium Hadi Bukavu

Imepita miaka 70 na zaidi tangu Chuo Kikuu cha Lovanium kifungue milango, Oktoba 1954, juu ya kilima cha Kimwenza nje ya Léopoldville, Kinshasa ya leo. Wanafunzi wake walilala chuoni, wakasoma chuoni, wakala chuoni. Waanzilishi waliotoka Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, waliamini kwamba msomi hulelewa darasani na mezani pia, na imani hiyo ndiyo iliyozaa restora ya chuo katika nchi yetu, Kongo. Sisi wa Bukavu tumerithi wazo hilo bila kurithi fedha zilizolibeba, kwa hiyo inafaa kuikumbuka safari yake yote.

Kwamba chakula cha chuo si jambo dogo, Afrika Mashariki ilikwisha kujua. Mwaka 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya chakula. Abu Mayanja, mmoja wa viongozi wa mgomo huo, alifukuzwa chuoni. Mwaka uleule alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Uganda National Congress, na baadaye akaenda kusoma Cambridge. Mimi siuoni mgomo ule kama ukorofi wa vijana wenye njaa. Aliyewekewa sahani bila kuulizwa alikuwa anadai kuulizwa.

Kwetu, madai ya namna hiyo yaliishia kwenye damu. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliandamana Kinshasa wakitaka posho ya masomo iongezwe na wapewe sauti katika uendeshaji wa vyuo. Askari wakafyatua risasi, wakaua makumi. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliunganisha vyuo vyote kuwa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Zaire, UNAZA, na taasisi za elimu ya juu za Bukavu, kama chuo cha ualimu cha ISP, zikawekwa chini ya mwavuli huo. Kwa miaka kadhaa serikali ndiyo iliyolisha. Restora zilijaa, maana mwanafunzi hakuwa na pengine pa kwenda. Uchumi ulipoporomoka, posho zikayeyuka na masufuria yakapoa.

Ndani ya kipindi hichohicho kigumu Bukavu ikapata vyuo vikuu vyake: Chuo Kikuu cha Kikatoliki mwaka 1989, Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika pale Panzi mwaka 1991, na mwaka 1993 chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu. Wanafunzi wao wengi hukaa kwa wazazi, kwa wajomba, au kwenye vyumba vya kupanga. Asubuhi hupanda kilima kwa miguu na daftari mkononi, jioni hushuka. Katikati ya safari hizo mbili kuna mlo mmoja, na mlo huo una mwenyewe: mama wa malewa, yaani kibanda cha chakula cha kando ya barabara.

Hebu tumtazame kwa karibu. Sombe, yaani majani ya mihogo, imetwangwa tangu asubuhi na kuchemshwa kwa muda mrefu hadi mawese yaelee juu. Bukari, ugali wetu, hukandwa papo hapo. Pembeni kuna maharage, na sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959 na leo ni kitoweo cha mji mzima. Mwenye fedha kidogo huomba bukari na mchuzi tu, naye hupewa bila kudharauliwa. Asiye na kitu hula kwa deni. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na benki zikafunga, deni hilo limekuwa na thamani kubwa kuliko wakati wowote. Mama anamjua kijana, anajua anatoka mtaa gani, anaandika jina lake na kuendelea kupakua.

Sasa chuo kikitaka kuwavuta vijana hawa ndani ya restora kubwa, kitawavuta kwa kitu gani? Nairobi ilipitia mtihani huo. Mwaka 1991 serikali ya Kenya iliwataka wanafunzi wa vyuo vya umma wachangie gharama, na chakula cha bure kikabadilishwa kuwa cha kulipia kadiri mtu anavyokula. Kulikuwa na ghasia, na vyuo vikafungwa kwa muda. Vilipofunguliwa, wengi walianza kupika vyumbani kwa majiko ya umeme, wengine wakahamia vibandani nje ya uzio. Kumbi zilezile zilizokuwa na foleni zikalazimika kutafuta wateja, na ugali, sukuma wiki na madondo kila kimoja kikawa na bei yake.

Kwa hiyo naona kosa kila ninaposikia mipango ya kupamba restora ya chuo ikianza na rangi za kuta na viti vipya. Viti vizuri ni heshima kwa mlaji, sivipingi. Lakini Bukavu mpango ungeanza kwa kuwaita wale mama waingie ndani ya uzio, wapewe meza, paa lisilovuja na maji ya bomba ya kunawia na kuoshea vyombo. Bei ibaki ya sahani ndogo na sahani kubwa, na daftari la deni liheshimiwe na mhasibu. Saa za kufungua zifuate ratiba ya masomo, ili anayetoka darasani saa nane mchana asikute sufuria tupu.

Tena kuna jiko lenyewe. Sehemu ya makala, yaani mkaa, tunayochoma mjini hutoka katika misitu ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, na kila mama anayepika peke yake kando ya barabara huchoma gunia lake. Majiko makubwa machache, yaliyojengwa vizuri na kutumiwa kwa zamu, yangepunguza makala, moshi na gharama, na nafuu hiyo ingeonekana kwenye bei ya bukari.