FlyByWire: Timu ya kujitolea inayounda ndege za kompyuta

FlyByWire Simulations ni timu ya watu wa kujitolea wanaounda ndege za mchezo wa kompyuta wa Microsoft Flight Simulator. Kazi ilianza mwaka 2020, toleo jipya la mchezo huo lilipotoka. Airbus A320neo iliyokuwemo ilivutia macho, ila swichi nyingi za chumba cha rubani zilikuwa pambo tu: ukibonyeza, kimya. Timu ikaanza kuzitengenezea programu, mfumo mmoja mmoja: umeme, mafuta, haidroliki, kompyuta ya safari. Ikazaliwa A32NX, na baadaye A380X. Zote mbili ni bure. Msimbo wake uko wazi, hivyo fundi mmoja akichoka na kuondoka, mwingine anaendelea alipoishia.