Brusela: Kwa nini majaribio ya panya hayamtoshi mfugaji wa Garsen

BRUSELA ni ugonjwa wa bakteria unaoshambulia viungo vya uzazi vya ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Kwa mfugaji wa Garsen, Kaunti ya Tana River, dalili yake kuu ni mifugo kutupa mimba. Hasara huwa maradufu: ndama hukosekana na maziwa hupungua.

Binadamu huambukizwa anapokunywa maziwa mabichi au kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Utafiti uliofanywa katika kaunti za Tana River na Garissa, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha uhusiano kati ya maambukizi ya mifugo na ya watu wanaoishi nayo.

Wanyama wametumiwa kuuchunguza ugonjwa huu tangu mwanzo. Mwaka 1887, David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aliwapata bakteria hao katika wengu za askari waliofia kisiwani Malta. Aliwadunga tumbili, nao wakaugua. Mwaka 1905, Themistocles Zammit alipima damu ya mbuzi wa kisiwa hicho na kugundua kwamba wengi, ingawa walionekana wazima, walikuwa wameambukizwa. Askari walipokatazwa maziwa ya mbuzi mwaka 1906, homa ilipungua mno.

Siku hizi watafiti hutumia zaidi panya wa maabara. Panya ni rahisi kufuga, na idadi ya bakteria katika wengu wake huonyesha iwapo chanjo ina nguvu. Hata hivyo, kondo la ng'ombe na mbuzi lina sukari iitwayo erithritoli, ambayo huwastawisha bakteria hao. Panya hana sukari hiyo kwa kiwango kama hicho, hivyo hawezi kueleza kikamilifu jinsi mimba inavyoharibika.

Ndiyo maana chanjo hujaribiwa hatimaye kwa mnyama mwenyewe anayekusudiwa. Chanjo ya Rev.1 huwakinga mbuzi na kondoo, lakini huweza kumfanya mwenye mimba aitupe. S19, ya ng'ombe, ina hatari kama hiyo. Kwa hivyo hupewa zaidi wanyama wachanga ambao hawajapandwa.

Kwa mfugaji, kinga ya kila siku ni kuchemsha maziwa, kufukia vijusi vilivyotupwa bila kuvigusa kwa mikono mitupu, na kumjulisha daktari wa mifugo mapema.